Kwenda kuona bustani ya Sissinghurst mwezi wa sita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano meseji za kuulizia bustani zinaanza, wengi ni ndugu na marafiki wanaoishi huku Uingereza ambao hawajawahi kutoka nje ya mji wao, na wengine ni wazazi waliokuja kutembelea watoto na wamechoka kukaa ndani. Nimejibu kwa kutumia Sissinghurst, iliyoko Kent, manake ndo bustani ninayoijua kona kwa kona, ila mengi yanafaa hata ukienda nyingine.

## Ya mwanzo kabisa

Hii bustani ina tofauti gani na park ya karibu na kwangu?

Park unaenda kukimbia, watoto wanacheza mpira, unakaa kwenye nyasi. Hii ni bustani ya nyumba ya shamba ya watu wa zamani, imepandwa mmea mmoja mmoja na mtu aliyekuwa anajua anataka nini, na mpaka leo kuna wakulima wa bustani wanaoingia humo kila siku kufunga mimea, kuipunguza, kuipanda upya. Sissinghurst imegawanywa vyumba vyumba, kuta zake ni matofali ya zamani au miti iliyokatwa ikanyooka kama ukuta, na kila chumba kina rangi yake na msimu wake. Unatoka chumba kimoja unapita kwenye uwazi mwembamba, ghafla uko sehemu nyingine kabisa. Ukishapita pale mara ya kwanza utaelewa kwanini watu wanafunga safari.

Nani aliitengeneza?

Mume na mke, Harold Nicolson na Vita Sackville-West. Walinunua mahali hapo 1930, kukiwa gofu tupu, majumba yamebomoka na takataka zimejaa uani. Harold alichora mistari, yaani njia ziende wapi, ukuta wa miti ukae wapi, jicho liangukie wapi, halafu Vita akajaza mimea, na alikuwa mtu wa kujaza kwelikweli, hapendi kuona udongo mtupu. Walianza kuruhusu watu kuingia kwa kulipa shilingi moja 1938. Vita alifariki 1962, na 1967 mahali hapo pakachukuliwa na National Trust, shirika lililoanzishwa 1895 kutunza sehemu za namna hii.

Watu wanawasahau Pam Schwerdt na Sibylle Kreutzberger, wadada wawili walioajiriwa 1959 wakaiongoza bustani hii mpaka 1990. Kwa maoni yangu heshima wanayopewa haitoshi kabisa, manake bustani aliyeianzisha akifa bila mtu wa kuishika miaka mitatu tu inageuka pori.

Mbona inaitwa kasri na hamna kasri?

Swali zuri. Wakati wa vita ya miaka saba kati ya Uingereza na Ufaransa, 1756 mpaka 1763, jumba kubwa lililokuwepo hapo liligeuzwa jela ya mateka wa Kifaransa, na wao kwa lugha yao wakawa wanaliita kasri, jina likaganda. Jumba lenyewe lilikuja kubomolewa karibu lote. Kilichobaki ni vipande, mnara wa matofali wa enzi za Malkia Elizabeth wa kwanza, jengo refu la mbele lenye maktaba, na vinyumba viwili vitatu vilivyotawanyika humo humo bustanini.

Kwahiyo hamna jumba la kuingia ndani tukaone vyumba vya kifahari?

Hamna, na nakwambia mapema usije ukasikitika. Unaweza kuona maktaba na kupanda mnara, ngazi 78, na njiani unachungulia chumba alichokuwa anaandikia Vita. Ukitaka majumba yenye dari za dhahabu nenda Chatsworth kule Derbyshire. Hapa bustani ndo nyumba.

## Lini uende

Wiki gani ndo yenyewe?

Mi nasema kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Mwanzoni mwa mwezi wa sita unakuta pioni na ayrisi na zile aliamu za zambarau zenye kichwa cha duara, mawaridi ndo yanaanza anza. Mwezi ukifika katikati mawaridi ya zamani yanafunguka karibu yote kwa pamoja, na mengi yanachanua mara moja tu kwa mwaka, yakiisha yameisha mpaka mwakani. Mwishoni kabisa ndo lile waridi jeupe la Bustani Nyeupe linafunguka, nalielezea chini.

Ila jamani mimea haifuati kalenda. Masika ya huku ikiwa na joto kila kitu kinawahi, ikiwa baridi kinachelewa, hata wiki mbili. Kabla hujakata tiketi angalia mawaridi kwenye bustani za majirani zako, yakishafunguka vizuri mtaani kwako basi na Kent tayari.

Niende saa ngapi?

Ama mlango unapofunguliwa ama jioni kabla ya kufunga, kati kati ya hapo ndo mabasi ya watalii yanashusha watu na vile vijia vya matofali ni vyembamba, mnakuwa mnapishana mabega. Mi napenda jioni zaidi, jua la mwezi wa sita huku linazama saa tatu na robo usiku, kwahiyo saa kumi na moja jioni mwanga bado upo mwingi lakini umelegea, na rangi nyeupe zinaanza kung'aa zenyewe. Harufu lakini ni asubuhi, kukishapata joto kidogo na kabla jua halijawa kali.

Angalia saa za kufungua kabla ya safari, zinabadilika kwa msimu, na kumbuka wageni wetu kutoka nyumbani, ukimwambia mama tunakutana saa tano muelezane ni saa tano ya Kiswahili au ya kwenye tiketi.

Mvua ikinyesha nighairi?

Usighairi, hii ni Uingereza. Manyunyu hayaharibu kitu, tena watu wanapungua. Kinachoharibu ni upepo mkali, bustani nyingi zinafungwa kabisa upepo ukizidi kwa sababu matawi yanaanguka, kwahiyo siku ya upepo angalia kwanza. Beba koti jepesi na sweta hata kama asubuhi jua linawaka, na viatu vya chini visivyoteleza manake matofali ya zamani yakilowa yanateleza.

## Kufika, hela, tumbo

Sina gari, nafikaje kutoka London?

Treni kutoka Charing Cross au London Bridge mpaka Staplehurst, kama saa moja hivi. Hapo kuna basi namba 5 la kuelekea Hawkhurst linalopita kijiji cha Sissinghurst, unashuka unatembea kijia cha mashambani kama kilomita 2. Hiyo sehemu ya kutembea ni nzuri mno, usiione kama adhabu, utaona yale majengo yenye paa la koni ambayo zamani walikuwa wanakaushia hopsi za kutengenezea bia, ni alama ya Kent hiyo. Basi si la kila dakika kumi, piga picha ratiba ya kurudi ukifika tu, na Jumapili uangalie mara mbili. Mkiwa wanne mkachanga teksi kutoka stesheni haiumi, ila uite kabla, hamna teksi zinazosubiri zimejipanga.

Kiingilio ni kikubwa, kuna namna?

Ukipanga kwenda sehemu tatu nne za National Trust kwa mwaka chukua uanachama, unaingia bure zote na parking bure pia. Kadi ya familia inajilipa haraka sana. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi.

Naweza kwenda na chakula changu? Na vipi kuhusu halali?

Unaweza, ila huli ndani ya bustani yenyewe. Nje kuna nyasi na meza, tandika khanga yako, toa chapati na maharage na chupa ya chai, hakuna atakayekuuliza. Kwenye mgahawa wao mtu wa halali atakula vitu vya mbogamboga, na skonzi. Msiichanganye na skonzi ya bekari ya nyumbani, ile laini ya kuchovya kwenye chai ya maziwa, hii ya huku ni ngumu kidogo, inakatwa katikati, inapakwa jamu na krimu nzito, na krimu ndo yenye kazi.

Nitaswalia wapi?

Sijaona chumba maalum, watu wanaswali nje kwenye nyasi za shamba, kuna nafasi kubwa kuelekea ziwani na msituni na ni kimya. Adhuhuri mwezi wa sita inaingia kama saa saba mchana na alasiri ni saa kumi na moja na kitu, kwahiyo ukifika asubuhi ukaondoka jioni utahitaji kuswali moja tu pale.

## Ukishaingia ndani

Nianzie wapi ili nisipotee?

Panda mnara kwanza. Watu wengi wanauacha mwisho wakiwa wameshachoka miguu, na ni kosa, kwa sababu ukiwa juu unaona mchoro wote kama mkeka umetandikwa, unaona lile duara la miti ya kijani kibichi katikati ya bustani ya mawaridi, unaona bustani ya matunda, mfereji wa maji, na mashamba ya Kent mpaka macho yanaishia. Ukishuka chini hutapotea tena. Halafu usijaribu kumaliza vyumba vyote, chagua vitatu ukae. Namaanisha kukaa, kwenye benchi, simu iko mfukoni.

Hiyo Bustani Nyeupe ina nini cha ajabu, si maua meupe tu?

Na mi nilidhani hivyo. Ilipandwa 1949 kuingia 1950, wakati Waingereza wametoka vitani na bado wanakula kwa mgao. Ukiingia unagundua nyeupe ziko nyingi sana, kuna nyeupe ya maziwa, kuna ya karatasi, kuna inayoelekea kijani, halafu katikati yake kuna majani ya rangi ya fedha, mengine yana manyoya laini ukiyashika, Waingereza wanayaita masikio ya mwanakondoo na kweli ndo yalivyo. Kuna sanamu ya msichana ya madini ya risasi imesimama chini ya mti wa peasi wenye majani ya fedha yanayoninginia, mtu mwingine anapita bila kuiona.

Katikati kuna fremu ya chuma na juu yake ndo limelala lile waridi, jina lake Rosa mulliganii. Zamani lilipandishwa kwenye miti ya lozi lakini lilikuwa zito mno miti ikashindwa. Likichanua ni vishada juu ya vishada, maua madogo bapa yenye kitovu cha njano, huwezi kuona chuma. Mara moja nilikaa chini yake kikapita kiupepo kidogo tu, petali zikaanguka kwenye matofali, kwenye nywele za dada mmoja aliyekuwa anasoma ramani, kwenye mkono wangu, na hakuna aliyeongea kwa dakika nzima hivi, hata watoto. Hiyo ndo sababu nawaambia watu wajipange kwa mwisho wa mwezi.

Mawaridi nimeyazoea, Kenya si wanalima mengi tu Naivasha?

Ni tofauti kabisa, na hili swali nalipenda. Waridi la Naivasha limezalishwa kwa safari, shina refu limenyooka, kichwa kimefumba, linavumilia friji na ndege na wiki nzima kwenye chombo mezani, na katika kutafuta hayo yote harufu ikaachwa njiani. Mawaridi ya Sissinghurst ni ya ukoo wa zamani, vichaka vikubwa, maua yamejaa petali mpaka yanainama, lipo la rangi ya mvinyo unaloweza kudhani ni jeusi, na ukilikata siku ya pili limeshachoka. Lakini linuse! Wale wa pwani mtaijua hiyo harufu papo hapo, ni ile ya marashi kwenye mrashi siku ya maulidi au harusi. Waridi la damaski ndo linalotoa maji ya waridi, ndugu zetu wa Oman wanalilima kule Jabal Akhdar kwa kazi hiyo hiyo, na ukoo wake unaukuta umesimama hapa Kent.

Ukiwa pale angalia ukuta wa kile kinyumba cha kusini, kuna waridi jeupe linaloitwa Madame Alfred Carrière limekwea hadi juu. Wenye nyumba walilipanda 1930, nyumba ikiwa bado haikaliki.

Kuna harufu nyingine za kutafuta?

Dianthasi. Ni maua madogo ya chini, meupe au ya pinki, yamechanika pembeni kama kitambaa kilichokatwa na mkasi wa meno, majani membamba ya kijivu. Piga goti kabisa, sogeza pua. Ni karafuu! Na wala hujajidanganya, kile kinachonukia kwenye karafuu ya Pemba ndo hicho hicho kiko kwenye ua hili.

Kuna mmea wowote wa kwetu?

Kwenye bustani za huku wapo. Kniphofia, yale maua marefu kama mwenge, mengi yametoka Afrika Kusini ila kuna aina yake ya milima ya Afrika Mashariki inayopandwa huku. Na yale maua ya Impatiens yanayouzwa kwenye trei kila duka la bustani mwezi wa sita, Waingereza wanapanda kivulini, kwao ni Afrika Mashariki. Bibi yangu anayo nyuma ya jiko na hajawahi kuyanunua.

## Afya, wazee, watoto

Nina aleji ya chavua, nitapona?

Mwezi wa sita ni mwezi mbaya kwa aleji, lakini adui mkubwa ni chavua ya nyasi, zile za mashambani, kuliko mawaridi. Meza dawa yako asubuhi kabla hujatoka, vaa miwani ya jua, na upunguze kukaa kwenye bustani ya matunda ambako nyasi zinaachwa ndefu makusudi. Mwenye pumu asisahau inhela, naomba sana.

Mama ana magoti mabovu / yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Sehemu kubwa anaweza kuona, ila vijia ni vyembamba, vingine vina matofali yaliyopanda na kushuka, na pana vidaraja vya ngazi. Mnara asahau. Piga simu kabla uulize njia ipi ni rahisi, wanaelekeza vizuri. Wazazi wetu wengi hawasemi wamechoka, kwahiyo we ndo umpumzishe kila benchi.

Watoto watachoka?

Wakubwa kidogo wanafurahia mnara na kuvuka vyumba kama mchezo wa kujificha. Wa kubebwa mbebe mgongoni, pram inasumbua. Angalia maji, kuna mfereji wa zamani hauna uzio sehemu nyingi. Na wasitie kitu mdomoni, maua ya foksiglovu ni sumu, ya delfiniamu ni sumu, na ile miti ya yew iliyokatwa kama ukuta ni sumu pia. Badala yake wasimamishe mbele ya foksiglovu waangalie nyuki mnene anavyofanya kazi, anaanza ua la chini kabisa, anaingia mzima mpaka anapotea, unasikia sauti tu, anatoka kinyumenyume amepakaa unga mgongoni, anapanda la juu yake.

## Yenye utata

Tunataka kupiga picha za send-off pale, inaruhusiwa?

Picha za simu za kwenu wenyewe ruksa. Ukija na mpiga picha wa kulipwa, viakisi, nguo za kubadilisha, hiyo ni biashara, inahitaji kibali kabla. Droni hairuhusiwi kurushwa bila kibali. Na tripodi kwenye kijia chembamba ni kuwazibia watu njia.

Nikivunja kikonyo kimoja nikapande nani atajua?

Usifanye. Kila mtu akivunja kimoja kwa msimu kichaka kinaisha, nimeshaona kimenyofolewa upande mmoja wa njia na inauma. Duka lao linauza mimea, nunua.

Naweza kupeleka mmea nyumbani kwenye begi?

Lazima uwe na kibali cha kuingiza kutoka kule na cheti cha afya ya mmea kutoka huku, hata kwa mbegu. Kibali cha Kenya kinatolewa na KEPHIS, cha Tanzania na TPHPA, ndo mamlaka za afya ya mimea. Bila hivyo unanyang'anywa uwanja wa ndege, na ni haki, magonjwa ya mimea yanasafiri hivyo hivyo. Pioni usijisumbue kabisa, inataka baridi kali ili ichanue, Dar itakupa majani tu kama itaishi.

Hela za kujengea sehemu kama hizi si zilitoka kwenye utumwa na ukoloni?

Nyingi, ndiyo, na ni vizuri kuuliza. National Trust wenyewe walitoa ripoti 2020 wakataja sehemu zao 93 zenye uhusiano na utumwa au ukoloni. Harewood kule Yorkshire, ambayo si ya kwao, ilijengwa na familia iliyotajirikia kwenye sukari ya Karibiani na watumwa. Nina rafiki haendi kabisa na namheshimu. Mi naenda, nasoma vibao, nauliza wale wazee wa kujitolea maswali hayo hayo, wengi wanajibu kwa uungwana. Watoto wetu waliozaliwa huku wana haki ya kutembea humo na haki ya kujua.

Kent ni mbali kwangu, nyingine zipi?

Hidcote kule Gloucestershire, vyumba vyumba pia, ilianzishwa na Lawrence Johnston tangu 1907. Mottisfont, Hampshire, kama unatafuta mawaridi ya zamani tu. Great Dixter iko jirani na Sissinghurst, upande wa East Sussex, imechangamka rangi hadi inapiga kelele, Jumatatu za kawaida wanafunga.

Nilienda nikakuta mawaridi yamefumba, nimepoteza hela?

Ulienda lini? Kama ni mwanzoni mwa mwezi wa sita angalia jibu la wiki gani hapo juu. Hujapoteza lakini, vuka nenda kwenye kibustani cha kinyumba cha kusini, chenyewe ni njano, chungwa na nyekundu tupu, hakisubiri waridi. Na Delos, kona ya mawe na mimea ya Ugiriki ambayo Vita na Harold waliijaribu ikawashinda kwa udongo wa mfinyanzi wa pale, miaka ya karibuni imefanywa upya kwa mchoro wa Dan Pearson, mbunifu wa bustani, na sasa imekubali. Halafu kama una kadi ya uanachama rudi baada ya wiki mbili, jioni, uende moja kwa moja chini ya ile fremu ya chuma.